Kipimajoto Hakipimi Joto: Uhakiki wa Maandishi kuhusu Upozaji wa Kioo kwa Mwanga wa Leza

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maandishi ya kisayansi kuhusu upozaji wa kioo kwa mwanga wa leza, kuanzia pendekezo la Peter Pringsheim la mwaka 1929 hadi taarifa ya mwaka 2023 iliyoeleza kushushwa kwa halijoto ya kioo cha silika kwa kelvini 67. Hoja kuu ni kwamba maandishi hayo yamezoea kusimulia historia yake kwa idadi ya digrii zilizoshushwa, ilhali jambo lililoamua mafanikio na kushindwa ni kiasi cha mwanga kinachopotea ndani ya kioo. Usimulizi huo umeififisha sababu iliyoichelewesha silika kwa miaka 25, na unaendelea kuwapotosha wanaolinganisha matokeo ya maabara mbalimbali.

1.0 Utangulizi

Mwaka 2023, Brian Topper na wenzake wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, wakishirikiana na watafiti wa Jena, Ujerumani, walichapisha taarifa ambayo kichwa chake kinajieleza: silika iliyotiwa iterbi imepozwa kwa kelvini 67. Kifimbo cha kioo chenye urefu wa sentimita 5 na kipenyo cha milimita 1 kiliwekwa ndani ya ombwe, kikamulikwa kwa leza yenye nguvu ya takriban wati 100, na halijoto yake ikashuka kutoka ile ya chumba hadi kelvini 229, yaani takriban digrii 44 za Selsiasi chini ya sifuri. Hapakuwa na gesi iliyobanwa, pampu ya kuzungusha kimiminika wala sehemu yoyote inayosogea ndani ya kioo hicho. Mwanga uliingia, mwanga ukatoka, na kioo kikawa baridi kuliko barafu.

Hatuna shaka na ukweli wa tokeo hilo. Shaka yetu ni juu ya namba iliyochaguliwa kulibeba. Namba 67 ndiyo iliyowekwa kwenye kichwa, na ndiyo itakayorudiwa na kila atakayeinukuu taarifa hiyo katika mapitio ya maandishi ya tasnifu yake. Mhakiki hana budi kuuliza namba hiyo inapima nini hasa: ubora wa kioo, nguvu ya leza, au ubora wa ombwe? Swali hili si la kiufundi pekee. Ni swali kuhusu namna taaluma moja ndogo inavyojisimulia, na kuhusu yale ambayo usimulizi huo huyaacha nje.

Uhakiki wetu unayasoma maandishi haya kama matini. Tunaangalia kilichowekwa kwenye kichwa cha habari, kilichotupwa katikati ya aya, na kilichochukuliwa kuwa hakihitaji kuelezwa. Hatukufanya majaribio yoyote. Hesabu chache zinazotolewa hapa chini ni za kugawa na kuzidisha, na msomaji anaweza kuzirudia mwenyewe.

2.0 Neno kupoza na hesabu iliyo nyuma yake

Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, chai inapopoa haiwi barafu. Inaifikia tu hali ya hewa iliyoizunguka. Anayeipoza kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kisahani anaiharakisha safari ambayo ingefanyika hata bila yeye. Kukishusha kitu chini ya halijoto ya mazingira yake ni kazi nyingine, nasi aghalabu huieleza kwa kukitaja chombo: tunakitia kwenye jokofu. Aidha, vitabu vyetu vya fizikia vimeweka tofauti yenye manufaa kati ya joto, ambalo ni nishati inayohama kutoka kitu kimoja kwenda kingine, na halijoto, ambayo ni kiwango cha umoto au ubaridi wa kitu. Bahati mbaya jina la chombo chenyewe linaisaliti tofauti hiyo. Kipimajoto hakipimi joto, kinapima halijoto. Kosa dogo hilo la jina, kama tutakavyoona, limo pia katika maandishi tunayoyahakiki, ingawa waandishi wake hawakuandika kwa Kiswahili.

Katika makala haya, upozaji maana yake ni kuondoa joto kwa jumla, yaani kioo kutoa nishati nyingi kuliko kinavyopokea, bila kujali kipimajoto kinaonyesha nini. Tunautenga na mambo mawili yanayofanana nao. La kwanza ni upunguzaji wa upashaji joto, kama ule ulioelezwa na Kushida na Geusic mwaka 1968 katika fuwele iliyotiwa neodimi: fuwele ilipata joto kidogo kuliko ilivyotarajiwa, lakini haikupoa. La pili ni upozaji wa atomu za gesi kwa leza, ambao ulitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1997. Huo huzipunguzia atomu mwendo kwa msukumo wa mwanga. Katika kioo hakuna atomu inayosukumwa namna hiyo. Kazi yote hufanywa na tofauti ya nishati kati ya mwanga unaoingia na mwanga unaotoka. Kuyachanganya mambo haya mawili, kwa sababu tu yote huitwa upozaji kwa leza, ni kosa ambalo mtahini anaweza kulitambua katika ukurasa wa kwanza.

Utaratibu wenyewe ni huu. Ioni ya iterbi iliyomo ndani ya kioo ina makundi mawili tu ya viwango vya nishati, la chini na la juu, na kila kundi limegawanyika katika ngazi ndogondogo. Mtafiti huchagua leza ambayo fotoni zake zina nishati ndogo kidogo, inayotosha tu kuiinua ioni kutoka ngazi za juu za kundi la chini hadi ngazi za chini za kundi la juu. Ikiwa huko, ioni hupokea kiasi kidogo cha nishati kutoka kwenye mitetemo ya atomu za kioo, ikajisambaza katika ngazi za kundi lake. Kisha hushuka na kutoa fotoni ambayo, kwa wastani, ina nishati kubwa kuliko ile iliyofyonzwa. Ziada hiyo imetoka kwenye mitetemo ya kioo, na mitetemo ndiyo joto lenyewe. Mwanga unaotoka kwa njia hii tutauita mng'ao.

Ziada hiyo ni ndogo sana, na hapa ndipo mzizi wa hoja yetu ulipo. Katika jaribio la kwanza lililofaulu, lile la Epstein na wenzake wa maabara ya Los Alamos mwaka 1995, leza ilikuwa na urefu wa wimbi wa nanometa 1015, na wastani wa mng'ao ulikuwa nanometa 995. Ukigawa 1015 kwa 995 unapata takriban 1.02. Kila fotoni inayofyonzwa na kutolewa tena huondoka na asilimia 2 tu ya ziada. Sasa chukua fotoni moja ambayo, baada ya kufyonzwa, haikutoka. Imefyonzwa na chembe ya chuma au shaba iliyojificha kwenye kioo, au ioni iliyoipokea imeigawa nishati yake kwa jirani mchafu. Fotoni hiyo huacha nishati yake yote ndani ya kioo ikiwa joto. Ili kufidia hasara ya fotoni hiyo moja, fotoni nyingine 50 hivi zinapaswa kufanya kazi bila kosa. Kati ya fotoni 1000, zikipotea 20 hakuna upozaji tena. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali. Hapa michovyo 20 katika 1000 inatosha kulikausha.

3.0 Ubishani wa 1929 hadi 1946, na jinsi unavyosimuliwa

Karibu kila mapitio ya uwanja huu huanza na aya moja ya historia. Pringsheim alipendekeza mwaka 1929, Vavilov akapinga, Landau akaamua mwaka 1946 kwamba Pringsheim alikuwa sahihi. Aya hiyo ni ya kweli, lakini ni fupi mno kiasi cha kuufanya upinzani wa Vavilov uonekane kuwa ukaidi wa mtu mmoja.

Sergei Vavilov hakuwa mtu wa kubezwa. Hoja yake ilihusu kanuni ya pili ya thermodinamiki. Iwapo kitu kinaweza kupokea mwanga na kurudisha mwanga wenye nishati kubwa zaidi, na iwapo mzunguko huo unaweza kugeuzwa nyuma, basi joto lingeweza kubadilishwa lote kuwa kazi bila malipo yoyote. Huo ungekuwa ulaghai wa maumbile, na mwanafizikia yeyote makini angeukataa. Jibu la Lev Landau halikuwa kwamba Vavilov alikosea hesabu, bali kwamba mzunguko huo haugeuki nyuma. Mwale wa leza (Landau aliandika kabla leza haijabuniwa, naye alizungumzia mwale mwembamba wa mwanga) una mpangilio: huenda upande mmoja, kwa rangi karibu moja. Mng'ao hutawanyika pande zote, kwa rangi nyingi zaidi. Mwanga wenyewe, kwa hiyo, una entropia, na mwanga unaotoka una entropia kubwa kuliko unaoingia. Kioo kinapopungukiwa na entropia, mng'ao huichukua na kuondoka nayo, tena kwa ziada. Malipo yapo, ila hulipwa na mwanga.

Tunaikazia aya hii kwa sababu inafundisha kitu ambacho usimulizi wa digrii huupoteza. Swali la mwanzo la uwanja huu lilikuwa swali la hesabu: nani anapokea, nani anatoa, na salio linabaki wapi? Pringsheim, Vavilov na Landau walibishana juu ya nishati na entropia, si juu ya ubaridi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na kitu kilichopoa mkononi. Baada ya mwaka 1995, kitu kilichopoa kilipopatikana, lugha ilibadilika. Kipimajoto kikachukua nafasi ya daftari la hesabu.

4.0 Kwa nini silika ilingoja miaka 25

Kioo cha Los Alamos kilikuwa cha floridi, cha jamii ya vioo vilivyogunduliwa huko Rennes, Ufaransa, katikati ya miaka ya 1970. Kimetengenezwa kwa floridi za zirikoni, bari, lanthani, alumini, natiri na risasi. Ni kioo laini, ghali na chepesi kuvunjika, tena unyevu hukiharibu. Hata hivyo, kilichaguliwa kwa sababu nzuri: mitetemo ya atomu zake ni ya nishati ndogo, na hivyo si rahisi kwa ioni iliyochangamka kuimwaga nishati yake kwenye mitetemo badala ya kutoa mng'ao. Vioo hivyo viliendelea kuboreshwa. Mwaka 1999 Gosnell alieleza kushuka kwa kelvini 65 katika uzi wa kioo cha floridi, na mwaka 2005 Thiede na wenzake waliripoti kufikia kelvini 208.

Silika, kwa upande wake, ndiyo kioo cha dunia ya sasa. Nyuzi zote za mawasiliano ya masafa marefu ni za silika, zikiwemo za mkongo wa SEACOM uliofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009. Leza zenye nguvu kubwa za viwandani huundwa kwa silika iliyotiwa iterbi. Viwanda vyake vipo, ustadi wake upo, na usafi wake umetafutwa kwa miongo mingi. Pamoja na hayo, taarifa za kwanza za upozaji wa silika zilitoka mwaka 2020, robo karne baada ya floridi. Kwa nini?

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba mitetemo ya silika ina nishati kubwa, takriban mara mbili ya ile ya kioo cha floridi. Maelezo haya yanapendeza kwa sababu yanatoa sababu moja na kuiweka ndani ya maumbile ya kioo, mahali ambapo hakuna mtu wa kulaumiwa. Lakini hayasimami mbele ya hesabu ndogo. Pengo kati ya makundi mawili ya nishati ya iterbi ni kubwa mara tisa hivi kuliko mtetemo mkubwa kabisa wa silika. Ili ioni iimwage nishati yake kwenye mitetemo, inapaswa kuzaa mitetemo tisa kwa mpigo mmoja, na uwezekano wa jambo hilo hupungua kwa kasi sana kila mtetemo mmoja unapoongezeka. Kwa ioni ambayo mng'ao wake huchukua takriban milisekunde 1, njia hiyo ya upotevu ni kama haipo. Kwa ioni nyingine zenye pengo dogo hoja ya mitetemo ni nzito kweli. Kwa iterbi ilikuwa imeazimwa bila kupimwa upya.

Waliopima upya ni Mobini na wenzake, katika makala yao ya mwaka 2019 juu ya uchunguzi wa mng'ao wa silika iliyotiwa iterbi. Makala hayo hayakupoza kitu chochote. Hayana digrii hata moja ya kujivunia. Walichofanya ni kuuliza, kwa utulivu, kama kuna jambo lolote linaloizuia silika kimsingi, na wakajibu kwamba hawalioni. Kwa maoni yetu hayo ndiyo maandishi muhimu kuliko yote katika historia ya silika, na ndiyo yanayosahauliwa kwa urahisi zaidi, kwa sababu hayana namba ya kuwekwa kwenye jedwali la rekodi.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kudai kwamba silika ilizuiwa na mazoea peke yake. Kulikuwa na kikwazo halisi, nacho ni cha aina nyingine. Silika haizipokei ioni za iterbi kwa urahisi. Zinapozidi, hujikusanya katika vishada, na ioni zilizobanana hurushiana nishati hadi itakapomkuta mchafu wa kuimeza, iwe ni chembe ya chuma au mabaki ya maji yaliyonaswa kwenye kioo kama haidroksili. Mng'ao huzimika. Kwa hiyo mtengenezaji alikuwa baina ya mambo mawili: akitia iterbi kidogo, mwanga unaofyonzwa hautoshi, akitia nyingi, upotevu unaizidi ile asilimia 2. Dawa yake ilijulikana kwa waunda leza: kuongeza alumini au fosforasi ili ioni zitengane. Knall na wenzake, katika taarifa yao ya mwaka 2020 juu ya uzi wa silika, walieleza kiini chenye kipenyo cha mikrometa 21, chenye asilimia 2.06 ya iterbi kwa uzito, kikiwa kimechanganywa na alumini na florini, na wakadai kwamba mchanganyiko huo uliongeza kiwango ambacho uzimaji huanza kwa mara 16 ukilinganisha na viwango vilivyowahi kuripotiwa.

Namba 16 ndiyo habari ya taarifa hiyo. Inatueleza kwamba kizuizi kilikuwa katika tanuri la mtengeneza kioo, na kwamba huko ndiko kilikoondolewa. Lakini ni nani anayeikumbuka? Katika masimulizi yaliyofuata, taarifa ya Knall na wenzake hukumbukwa kwa namba nyingine: ilipoza kwa sehemu 50 za elfu za kelvini moja.

5.0 Digrii au wati

Tuziweke namba za silika katika mfululizo wake kama zinavyosimuliwa. Mwaka 2020, chini ya kelvini 1. Mwaka 2021, zaidi ya kelvini 6. Mwaka 2023, kelvini 67. Msomaji anayeziona namba hizi zikiwa zimepangwa hivyo ataamini kwamba kioo kiliboreka mara kumi, kisha mara kumi tena, ndani ya miaka mitatu. Na uzi wa Knall, wenye digrii 0.05, ataupa nafasi ya mwisho.

Usomaji huo ni wa makosa. Halijoto ambayo kitu kinachopozwa hutulia ni mapatano ya pande mbili: joto linaloondolewa na mwanga, na joto linalorudi kutoka kwenye mazingira. Kifimbo cha mwaka 2023 kilikuwa ndani ya ombwe, ambamo joto hurudi hasa kwa mnururisho wa kuta za chombo. Uzi wa Knall ulipozwa katika shinikizo la kawaida la hewa. Hewa inayougusa uzi mwembamba kama huo hurudisha joto kwa haraka kubwa, kwani eneo la uso wa uzi ni kubwa ukililinganisha na ujazo wa kiini kidogo kinachofanya kazi. Waandishi walitumia nguvu iliyofyonzwa ya wati 0.33 tu kwa kila mita. Kushuka kwa digrii 0.05 katika mazingira hayo si udhaifu wa kioo. Mtu anayepiga ndoo za maji kutoka kwenye mtumbwi unaovuja hapimwi kwa kina cha maji yaliyobaki. Anapimwa kwa ndoo alizotoa.

Jaribu kifikra kinyume chake. Kitoe kifimbo cha mwaka 2023 kwenye ombwe, leza ileile iendelee kukimulika. Ioni zilezile zitaendelea kuondoa joto, ila hewa italirudisha kwa haraka, na kipimajoto kitaonyesha kushuka kudogo zaidi. Hakuna kilichobadilika ndani ya kioo. Kilichobadilika ni chumba.

Topper na wenzake wanalijua hili vizuri kuliko mhakiki, na ndiyo maana ndani ya makala yao wanatoa kadirio la joto lililoondolewa: takriban wati 1.42 kwa kila mita. Tuizidishe kwa urefu wa kifimbo, yaani mita 0.05. Tunapata wati 0.07 hivi. Mbele ya leza ya takriban wati 100, hiyo ni chini ya sehemu moja katika elfu moja. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mwanga hupita kwenye kifimbo bila kufyonzwa, kwa hiyo uwiano huo haupimi ubora wa ioni. Lakini unapima jambo ambalo mhandisi wa jokofu lazima alijue. Wati 0.07 na kelvini 67 ni maelezo ya tukio lilelile. La kwanza linasema joto. La pili linasema halijoto. Kichwa cha makala kilichagua la pili.

Kuna utetezi wa uchaguzi huo, nao si mwepesi. Mwenye kihisi cha mnururisho wa infraredi hahitaji wati. Anahitaji kihisi chake kifike kwenye halijoto ambayo kelele zake zinatulia. Jokofu la kwanza kamili la aina hii, lililoelezwa na Hehlen na wenzake mwaka 2018, lilijivunia kwa haki kukishusha kihisi hadi kelvini 135, ingawa kilichopoza hapo kilikuwa fuwele, si kioo. Fuwele hizo zilikwisha kufika kelvini 91 mwaka 2016. Isitoshe, kadiri kitu kinavyopoa ndivyo ngazi za juu za kundi la chini zinavyobaki tupu, na mwanga unaofyonzwa kupungua. Kupoza kutoka kelvini 240 hadi 229 ni kugumu kuliko kupoza kutoka 296 hadi 285. Digrii za chini zina thamani kubwa kuliko za juu, na namba 67 inabeba ushahidi kwamba kioo cha silika kinaendelea kufanya kazi katika ubaridi huo. Tunakubali yote hayo. Tunachokataa ni namba hiyo kutumiwa kulinganisha kioo na kioo.

Kinachostaajabisha ni kwamba sehemu bora ya makala ya mwaka 2023 haimo katika kichwa chake. Waandishi hawakuridhika kukadiria ufyonzaji wa mwanga kwa nadharia iliyozoeleka, ambayo inaweza kupotoka katika halijoto za chini. Waliupima moja kwa moja, halijoto baada ya halijoto, kisha wakakokotoa ufanisi wa upozaji kutokana na vipimo hivyo. Halijoto yenyewe waliisoma bila kukigusa kioo, kutokana na mabadiliko ya umbo la wigo wa mng'ao, maana kipimajoto cha kawaida kingemezwa na mwanga uliotawanyika na kutoa ushahidi wa uongo. Kazi hiyo ya subira inamwezesha mtafiti mwingine, mwenye leza ndogo na ombwe hafifu, kujua kioo chake kinasimama wapi. Hiyo ndiyo namba inayosafiri kutoka maabara hadi maabara. Kelvini 67 haisafiri.

Mtahini anayepokea tasnifu juu ya mada hii, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine, ana haki ya kudai mambo mawili kabla ya digrii yoyote kutajwa: ni sehemu gani ya fotoni zilizofyonzwa na iterbi zilizotoka nje ya kioo, na ni kiasi gani cha mwanga kinachofyonzwa na uchafu badala ya iterbi. Jedwali la digrii lisilo na safu hizo mbili lirudishwe kwa mwandishi.

Ipo pia kazi moja ambayo jedwali la digrii haliwezi kuipokea kabisa. Mwaka 1999 Steven Bowman alipendekeza leza isiyojipasha joto. Leza yoyote ya kawaida hupata joto kwa sababu mwanga unaoilisha una nishati kubwa kuliko mwanga inaoutoa, na tofauti hubaki ndani. Bowman alitaka mng'ao unaopoza uondoe tofauti hiyo hasa, ndani ya kitu kilekile, wakati uleule. Mwaka 2021 kundi la Knall, katika Chuo Kikuu cha Stanford na washirika wake, lilieleza leza ya uzi wa silika iliyofanya hivyo. Mng'ao uliondoa joto. Utoaji wa leza ulilileta. Viwili hivyo vikalingana. Kwa daftari la hesabu, huo ni upozaji halisi, uliofanywa na kioo cha ubora wa juu sana. Kipimajoto kilichowekwa kando ya uzi huo kilisoma, kwa wastani, badiliko la digrii sifuri.